Jinsi ya kupima kama kichujio cha maji ya mvua kinazuia fosforasi kweli

Maji ya mvua ya mjini yanayotoka kwenye kichujio cha mchanga au cha bustani yakiwa meupe, wengi huridhika na kufunga kazi. Lakini weupe wa maji hausemi lolote kuhusu fosforasi, kirutubisho kinachostawisha mwani. Katika maji ya mvua ya mjini, karibu nusu yake huwa imeshikamana na chembe za udongo na majani, na iliyobaki imeyeyuka. Chembe huzama bwawani au hunaswa na mchanga. Iliyoyeyuka hupita na maji, na ndiyo mwani huifyonza mara moja. Ndiyo maana bwawa la kutuliza maji linaweza kuzuia tope lote na ziwa lililo chini yake likaendelea kuwa la kijani. Kwa hiyo pima aina zote mbili, tena kando kando.

Anza na kiasi cha maji. Funga kizingiti (ubao wa kuzuia maji) chenye mkato wa V wa nyuzi 90 kwenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Mtiririko, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni 1.38 mara kimo cha maji (kwa mita) kikipandishwa kipeo cha 2.5. Kimo cha sentimita 10 ni takriban lita 4.4 kwa sekunde. Cha sentimita 5 hakifiki hata lita 1. Ukikosea sentimita moja tu kwenye kimo cha 10, hesabu inapotoka kwa karibu robo, kwa hiyo soma kimo nyuma kidogo ya kizingiti, mahali ambapo uso wa maji haujaanza kuinama.

Usichote chupa moja ukaiita mvua nzima. Maji ya mwanzo mara nyingi hubeba uchafu mwingi kuliko ya mwisho. Chota kiasi kilekile kila ujazo fulani unapopita: kwa mfano mililita 200 kila mita 5 za ujazo, zote ndani ya chombo kimoja. Mvua ya mita 100 za ujazo itakupa lita 4. Upande wa kutokea endelea hadi bomba likauke, hata kama mvua imekatika saa nyingi zilizopita, maana mkia huo nao una fosforasi yake.

Chupa zioshwe kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha zisuuzwe kwa maji yaliyokenekwa. Baadhi ya sabuni zina fosfeti, yaani fosforasi, na tone moja lililobaki linatosha kuharibu kipimo. Tikisa chombo, jaza chupa ya kwanza bila kuchuja, na ya pili kwa maji yaliyopita kwenye karatasi ya kuchujia ya mikromita 0.45. Chuja palepale, ndipo utie asidi ya salfuriki hadi pH (kipimo cha uasidi) ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, itang'oa fosforasi kwenye chembe nayo itahesabiwa kama iliyoyeyuka. Hifadhi kwenye ubaridi, na omba maabara ipime fosforasi jumla kwa chupa zote mbili. Majibu yakija, angalia yameandikwa kama P (fosforasi yenyewe) au kama PO4 (fosfeti). Ya PO4 yazidishe kwa 0.326 kwanza.

Sasa hesabu. Tuseme yameingia mita 100 za ujazo zenye miligramu 0.30 kwa lita, yakatoka mita 70 zenye 0.25. Kwa kuwa miligramu kwa lita ni sawa na gramu kwa mita ya ujazo, zimeingia gramu 30, zimetoka 17.5. Punguzo ni asilimia 42 kwa uzito, ingawa kwa ukolezi (kiasi ndani ya kila lita) ni 17 tu. Tofauti imeletwa na maji yaliyozama ardhini. Hapo wengi hushangilia. Ebu tazama chupa zilizochujwa: iliyoyeyuka imeingia kwa 0.12 na kutoka kwa 0.19. Yaani zimeingia gramu 12, zimetoka 13.3. Kichujio hiki kinanasa tope vizuri na wakati huohuo kinazalisha fosforasi iliyoyeyuka. Bila chupa ya pili, usingeligundua hilo kamwe.

Mshukiwa wa kwanza ni mboji. Bustani za mvua, yaani vichujio vilivyopandwa mimea, hujazwa mboji ili mimea istawi, nayo huachia fosforasi kila maji yanapopita, pengine kwa miaka. Mbolea haina nafasi humo kabisa. Mshukiwa wa pili ni majani yaliyooza juu ya kichujio, na hayo dawa yake ni kuyazoa kabla ya mvua.

Ili kunasa iliyoyeyuka, mchanga peke yake hautoshi. Unahitaji kitu cha kuishika, na chuma kinafanya kazi hiyo vizuri. Changanya chenga za chuma zisizo na mafuta kwa asilimia 5 ya uzito: mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu, yenye kilo 1,600 hivi, inataka karibu kilo 84. Usizidishe ukidhani unaongeza nguvu, kwa sababu chuma kingi hugandamana na mchanga ukawa kama sakafu. Changanya mpaka usione mabaka. Bomba la chini lenye matundu, linalotoa maji yaliyochujwa, lizungushie kokoto, usilivishe kitambaa, kwa kuwa kutu hukiziba.

Chuma hushika fosforasi kikiwa na kutu, na kutu hiyo huhitaji hewa. Mchanga ukikaa ndani ya maji hadi oksijeni ikaisha, kutu huyeyuka na fosforasi iliyohifadhiwa humo hufunguliwa. Kwa hiyo mdomo wa bomba la kutokea uwe wazi, juu ya maji ya bwawa au mto unaopokea, na kichujio kikauke ndani ya saa 48. Kikipitisha muda huo, kwangua utando wa tope wa juu, sentimita chache tu, kisha mimina maji na uhesabu saa tena. Bado yanatuama? Kagua bomba kabla ya kufukua mchanga.