Somo: Kujenga reli ndogo ya treni za modeli kwenye ubao wa futi nne kwa mbili

Hamjambo wenzangu. Somo hili ni la mtu anayeanza, mwenye chumba cha kawaida cha Nairobi na jioni chache za wiki. Naomba mshike jambo moja tangu mwanzo: treni itembee vizuri kwenye ubao mtupu kabla hujapanda hata mti mmoja. Nimeona reli zilizopambwa milima na nyumba za kupendeza, lakini treni inakwama kila mzunguko. Mwenyewe huchoka, ubao ukapandishwa juu ya kabati, na hausikiki tena.

Hatua ya 1: Chagua kipimo

Vipimo vinavyopatikana kwa urahisi ni viwili. HO ni 1 kwa 87, na nafasi kati ya reli ni milimita 16.5. N ni 1 kwa 160, nafasi milimita 9. Kwa ubao wetu chukua N bila kusita. Hata kona kali za HO zina nusu kipenyo cha sentimita 36, maana yake duara peke yake linataka sentimita 72 na ubao wetu una 61.

Hapa Kenya tuna reli za aina mbili, na inafaa uamue unajenga ipi. Milimita 9 mara 160 ni 1440, karibu sawa kabisa na SGR, ile reli mpya, yenye 1435. Reli ya zamani, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ina upana wa mita moja. Kwa kipimo cha N ingetakiwa milimita 6.25, na njia ya namna hiyo ni kazi kuipata. Mimi nimejenga reli ya zamani juu ya njia ya milimita 9 na sioni haya. Wajapani, ambao reli zao nyingi ni za milimita 1067, hutumia njia hiyohiyo ya milimita 9 kwa kipimo cha 1 kwa 150, na kazi zao ni za kuvutia mno.

Hatua ya 2: Ubao

Plaiwudi nzima ni futi nane kwa nne. Mwambie fundi aikate kwa mashine vipande vinne vya futi nne kwa mbili. Kimoja chako, vingine gawaneni na wenzako. Unene wa milimita 9 unatosha ukiweka fremu ya mbao za inchi mbili kwa moja chini yake, pamoja na mbao mbili za kukatiza katikati. Ukienda Gikomba, chagua mbao zilizokauka. Zishike mwenyewe, uziangalie kwa urefu kama unavyolenga kwa manati, maana mbao iliyojipinda itaipinda reli pia. Paka rangi pande zote mbili za plaiwudi. Ukipaka upande mmoja tu, mvua za Machi hadi Mei zitaupinda ubao na utashangaa kilichoharibika.

Juu yake gundisha foami ya milimita 3, zile za rangirangi wanafunzi wanazotumia kwa kazi za mikono. Inapunguza kelele.

Hatua ya 3: Chora

Msumari, uzi na penseli, kama mwashi anavyochora duara. Nusu kipenyo ni sentimita 24.9 kufika katikati ya njia. Kila upande unabaki na sentimita tano na ushee kabla ya ukingo, na katikati unapata sehemu iliyonyooka ya sentimita 60 hivi. Behewa la mita 20 kwa kipimo hiki ni sentimita 12.5. Injini moja na mabehewa matatu yanakaa kwenye stesheni yako bila kuchungulia konani. Ongeza pointi moja, yaani pale njia inapogawanyika mbili, na njia fupi ya pembeni, basi. Usiweke mlima wala daraja la kupandia. Ubao huu hauna urefu wa kupanda na kushuka kwa utaratibu.

Hatua ya 4: Kutandika reli

Hapa ndipo ninapowaomba subira yenu yote. Mimi nilitumia jioni nne kwa kazi ambayo ingeweza kuisha kwa saa moja, na hizo jioni nne ndizo zilizonipa treni isiyoanguka.

Nunua reli za nikeli-silva. Jina lina neno silva lakini ndani ni shaba, nikeli na zinki. Reli za chuma hushika kutu, na za shaba ya njano (brasi) hutengeneza utando unaozuia umeme.

Unganisha vipande viwili, kisha pitisha ukucha wako juu ya kiungo, polepole, reli ya kushoto halafu ya kulia. Ukucha ukikwaruza, gurudumu litaruka. Chomoa, piga tupa ndogo kwenye ncha ya reli, rudisha. Baadaye piga magoti, weka jicho moja usawa wa reli na ulifumbe lile lingine, utazame kona nzima. Kona nzuri inapinda kama mstari mmoja. Ukiona imevunjika kidogo penye kiungo, mfano wa kiwiko, treni itaangukia hapohapo, na itaanguka ikienda kasi mbele ya wageni.

Kisha chukua behewa moja tupu, lisukume kwa kidole mzunguko mzima. Lisukume kinyumenyume pia. Likipita mara kumi bila kuyumba, ndipo upige misumari midogo. Usiigongomee hadi mwisho. Acha upenyo wa unene wa karatasi kati ya kichwa cha msumari na taruma (kile kipande cha kukatiza chini ya reli), la sivyo taruma litabonyea na reli zitasogeleana.

Hatua ya 5: Umeme

Treni hizi hutumia volti 12 za mkondo wa moja kwa moja, na stima yetu ya ukutani ni volti 240. Soma maandishi nyuma ya kila kifaa kabla ya kukichomeka. Seti yangu ya kwanza niliinunua mtumba, ilitoka Marekani, na kidhibiti chake kilikuwa cha volti 120. Muuzaji alisema ni sawa, nami nikamwamini. Harufu ya waya kuungua ilikaa chumbani siku mbili, na kidhibiti hakikuwaka tena. Injini ilipona. Ukipata seti ya namna hiyo, weka kando kidhibiti chake, ununue adapta ya volti 12 ya ampea moja au mbili na kidhibiti cha mwendo cha mota ndogo. Maduka ya Luthuli Avenue yanavyo. Kati ya kidhibiti na reli weka swichi ya kugeuza chanya na hasi. Reli ya kulia ikiwa chanya, injini huenda mbele. Ukigeuza, inarudi nyuma. Weka na fyuzi ya ampea moja.

Usitegemee waya mbili tu kwa mzunguko wote. Viungo vya reli hulegea, na upande wa mbali treni itaanza kukokota miguu. Peleka waya sehemu tatu: stesheni, na kila kona. Toboa tundu dogo pembeni ya reli, lehemu waya upande wa nje ambako magurudumu hayagusi. Mataruma ni ya plastiki, kwa hiyo safisha reli kwanza, weka vipande vya kitambaa kibichi kulia na kushoto, kisha gusa kwa sekunde mbili au tatu tu. Nyekundu iwe reli ya ndani daima, nyeusi ya nje. Ukichanganya hata mara moja, umesababisha shoti.

Sasa endesha. Nusu saa mbele, nusu saa nyuma, polepole kabisa. Weka alama ya chaki kila inaposita, urekebishe.

Hatua ya 6: Mandhari

Nenda kaitazame reli yenyewe kwanza. Mataruma ya reli ya zamani ni ya chuma, rangi yake ni kahawia ya kutu. Ya SGR ni ya zege, kijivu. Watu wengi hupaka nyeusi kwa mazoea.

Kokoto za kati ya mataruma hutoka kwenye mchanga wa kawaida wa ujenzi. Uoshe, ukaushe juani, uuchekeche kwa chujio la chai. Halafu, na hili msiliache, funga sumaku kwa mfuko wa nailoni uipitishe ndani ya mchanga. Itatoka na ndevu nyeusi. Hizo ni chembe za chuma, na zingeishia ndani ya mota, kwa sababu mota nayo ina sumaku. Rudia mpaka sumaku itoke safi. Mwaga mchanga, usawazishe kwa brashi, nyunyiza maji kidogo, kisha dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, pamoja na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Bila sabuni gundi hukaa juu kama shanga badala ya kuzama. Ulimi wa pointi, ile reli inayosogea, usiuguse kabisa.

Nimejenga kipande kinachofanana na njia inavyopita Kibera: vibanda karibu na reli, nguo kwenye kamba, njia ya miguu inayokatiza. Mabati nilitengeneza kwa karatasi ya alumini iliyosuguliwa juu ya kichana cha meno membamba. Kupata rangi ya kutu inayofaa kulinichukua majaribio mengi kuliko paa zenyewe, lakini kila nikiziangalia nafurahi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kayole): Mwalimu, mimi niko bedsita. Futi nne kwa mbili sina pa kuiweka. Niache?

Jibu: Usiache, ndugu yangu. Chukua ubao wa sentimita 120 kwa 25, uuweke juu ya rafu. Jenga njia tatu za pembeni: moja ibebe mabehewa matano, mbili zibebe matatu matatu, na njia ya kuvutia na kusukumia mabehewa ibebe injini na matatu. Weka mabehewa manane, kisha okota vikaratasi vitano vya namba uone ni yapi uyapange na kwa mfuatano upi. Kuna mifuatano 6720. Mchezo huu ulibuniwa na Mwingereza Alan Wright na unaitwa Inglenook. Mimi mwenyewe nina huo ubao pia.

Swali (Githurai): Injini yangu ndogo inazimika juu ya pointi kila mara. Nimesafisha reli, bado.

Jibu: Angalia pale reli zinapokatana katikati ya pointi. Nyingi zina plastiki hapo, haina umeme. Injini fupi yenye magurudumu manne huweza kuwa na gurudumu moja juu ya plastiki na jingine juu ya uchafu. Safisha magurudumu yenyewe kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, na upeleke waya nyingine mbele ya pointi. Isipokubali, tumia injini yenye magurudumu mengi zaidi yanayochukua umeme.

Swali (Lang'ata): Kijana wangu ana miaka saba na anataka tujenge pamoja. Ni salama?

Jibu: Ni salama, dada, mkigawana kazi. Volti 12 za kwenye reli hazimdhuru. Adapta ya ukutani, kulehemu na kisu ni vyako. Yeye mpe kuchekecha mchanga, sumaku na kupaka rangi. Ile sumaku hatakubali kuiachilia.

Swali (Buruburu): Stima ikipotea?

Jibu: Betri ya sola ya volti 12 inaendesha vizuri, ila lazima fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Swali (Ruiru): Nataka zile injini kubwa za mvuke, kama ile Mount Gelai ya Makumbusho ya Reli. Zitapita kwenye kona za sentimita 24.9?

Jibu: Hiyo ni namba 5918, ya kundi la 59, iliyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester. Ina urefu wa zaidi ya mita 31, kwa N ni karibu sentimita 20. Ni injini ya aina ya Garratt, ambayo ina vipande viwili vya magurudumu vinavyopinda kila kimoja peke yake, ndiyo maana iliziweza kona za milima yetu. Tatizo ni tumbo la katikati, linalokatiza ndani ya kona. Kata kadibodi ya urefu huo, uibandike kwenye mabehewa mawili madogo uisukume mzunguko mzima, ukichora kwa penseli inapofika. Nje ya mstari huo ndipo uweke vibanda vyako. Na jumamosi moja nenda makumbusho na utepe wa kupimia, usimame ubavuni mwake.