Kumnyoa mtoto mwenye usonji bila vita, hatua kwa hatua

Wazazi wengi ninaofanya nao kazi hapa Dar wanamnyoa mtoto akiwa amelala, na siwalaumu kabisa maana wamechoka, ila akishtuka mashine iko kichwani hata usingizi wenyewe anaanza kuuogopa. Tujaribu njia nyingine.

Kwanza jueni hadeki. Mlio ule, mtetemo, nywele zinazochoma shingoni, kwake vinaweza kuwa maumivu kabisa, na tangu 2013 mwongozo wa madaktari unaoitwa DSM-5 unahesabu hisia za hivyo kama moja ya dalili zenyewe za usonji. Shangazi akisema mchape atatulia, mwambie hilo.

Hatua ya 1: Wiki mbili kabla piga picha na simu: mlango wa kinyozi, kiti, mashine, bembea anayoipenda. Mwonyeshe kila siku kwa mpangilio uleule, maneno machache tu, "kwanza kunyoa, halafu bembea".

Hatua ya 2: Hii ndo yenyewe, usiiruke. Azima mashine, mwache aishike ikiwa imezimwa, siku nyingine mguse nayo mkononi, begani, nyuma ya sikio, bado imezimwa. Akizoea iwashe ukiwa chumba kingine, kisha kila siku sogea kidogo, mpaka umguse na mgongo wa mashine huku unahesabu moja mpaka tano. Ukifika tano acha, hata kama ametulia na unatamani uendelee, maana anaiamini ile tano. Akiziba masikio rudi nyuma hatua moja, hata ikichukua mwezi sawa tu.

Hatua ya 3: Nenda kaongee na kinyozi bila mtoto. Jumanne asubuhi hakuna foleni, Jumamosi na mkesha wa Idi sahau. Mwombe azime redio, akubali mtoto akae mapajani kwako, asimfunge kile kitambaa shingoni, shati kuukuu linatosha. Ukiweza mwongeze hela kidogo, muda wake ndo ugali wake.

Hatua ya 4: Siku yenyewe hesabu, pumzika, hesabu tena. Mkiishia nusu kichwa rudini na nusu kichwa, msimshike kwa nguvu jamani. Mbadilishe shati palepale, mpanguse shingo, halafu bembea hata kama amenyolewa kidogo tu. Na baba twende wote, mmoja ampakate, mwingine ashike zile picha.