Somo: Namna ya Kuchagua Kati ya Canon EOS 2000D na Nikon D3500

Kamera hizi mbili zilitoka mwaka 2018, zote zikiwa zimekusudiwa mtu anayeanza, na hadi leo anayetafuta DSLR (kamera ya kioo yenye lenzi za kubadilishwa) yake ya kwanza hukutana nazo, mara nyingi zikiwa zimekwisha kutumika, kwa kuwa uzalishaji wa D3500 umesitishwa.

Hatua ya 1: Ziweke kando megapikseli. Canon ina megapikseli 24.1 na Nikon ina 24.2, tofauti ambayo hakuna jicho litakaloiona. La kuangalia ni mwanga hafifu. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, kwa Canon huishia 6400, ingawa inaweza kusogezwa hadi 12800, ilhali ya Nikon hufika 25600. Na hata zikiwekwa kwenye ISO moja, picha ya Nikon huwa na chembechembe chache zaidi, na sehemu zake za giza hustahimili kuangazwa baadaye kwenye kompyuta, hasa ukipiga kwa RAW (faili ghafi ambayo kamera haijaihariri).

Hatua ya 2: Zishike zote mbili. Pamoja na betri na kadi, Nikon ina uzito wa gramu 415 na Canon gramu 475. Nikon hupiga picha 5 kwa sekunde, Canon 3. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, betri ya Nikon hutoa takribani picha 1550 kabla ya kuisha, ya Canon takribani 500. Kwa hiyo anayechagua Canon na kukusudia kupiga sherehe ya kutwa nzima ahesabu bei ya betri ya pili tangu mwanzo.

Hatua ya 3: Chagua lenzi ya pili kabla ya kuchagua kamera. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hulinganisha bodi mbili (kamera bila lenzi) na kusahau kwamba bodi itabadilishwa baada ya miaka michache ilhali lenzi zitabaki. Kila lenzi ya Canon ya mfumo wa EF yenye fokasi ya kujiendesha, hata iliyotengenezwa mwaka 1987 mfumo huo ulipoanza, hubeba ndani mota yake ya kuzungusha fokasi, na kwa hiyo itafanya kazi kikamilifu kwenye 2000D. Nikon ilifuata njia nyingine: lenzi zake nyingi za zamani zilitegemea mota iliyo ndani ya kamera, na D3500 haina mota hiyo. Kwa lenzi za Nikon, tafuta zenye alama AF-S au AF-P. Lenzi iliyoandikwa AF au AF-D itafungika vizuri, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono.

Ushauri wangu basi ni huu: ukikusudia kubaki na lenzi moja au mbili mpya, chukua Nikon, kwani ukiitazama kamera yenyewe, hiyo ndiyo bora; ukikusudia kukusanya lenzi za mtumba kidogo kidogo, Canon itakusumbua kidogo zaidi.

Hatua ya 4: Soma maandishi kwenye lenzi inayouzwa pamoja na kamera. Lenzi ya 18-55mm ya kampuni zote mbili hupatikana ikiwa na kituliza mtikisiko au bila nacho. Kwa Canon tafuta herufi IS, kwa Nikon VR. Zisipokuwepo, omba punguzo au tafuta kifurushi kingine.

Hatua ya 5: Fikiria simu. Canon ina Wi-Fi. Nikon ina Bluetooth pekee, na picha inayofika kwenye simu hupunguzwa hadi megapikseli 2.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shukrani kwa somo. Nimerithi lenzi ya Nikon 50mm f/1.8D. Je, niitupe nikinunua D3500?*

Usiitupe, ndugu yangu. Herufi D inaonyesha kuwa ni AF-D, kwa hiyo fokasi ni ya mkono. Zungusha pete ya tundu la mwanga iliyo kwenye lenzi hadi f/22 na uifunge hapo ili kamera ikubali kupiga, kisha zungusha fokasi kwa mkono ukitazama kitone cha kijani ndani ya tundu la kuchungulia. Kitatulia fokasi ikikaa sawa. Kwa mtu aliyeketi inatosha kabisa, kwa mtoto anayekimbia utachoka.

*Nina flashi ya zamani isiyo ya Canon. Itawaka kwenye 2000D?*

Chunguza sehemu ya juu inapofungwa flashi. Baadhi ya 2000D zimetoka bila kile kidoti cha chuma cha katikati kinachoiamuru flashi iwake, na flashi za kawaida zinazotegemea kidoti hicho haziwaki.

*Nitajuaje kama kamera ya mtumba imepigwa picha nyingi mno?*

Kwa Nikon, piga picha moja, kisha ifungue kwa programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Idadi ya mipigo ya shata (pazia linalofunguka kila picha inapopigwa) imeandikwa humo. Canon 2000D haiiandiki kwenye picha, kwa hiyo itakubidi uiunganishe na kompyuta yenye programu maalumu. Usiitegemee namba ya jina la faili, kwa kuwa huweza kuanzishwa upya wakati wowote.

*Kwa video, ipi ina sauti nzuri?*

Hakuna yenye tundu la maikrofoni. Nikon hurekodi video ya 1080p (Full HD) kwa fremu 60 kwa sekunde na Canon kwa 30, lakini sauti utairekodi kwa kinasa cha pembeni, kisha uiunganishe na picha wakati wa kuhariri. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza ili upate mahali pa kuzilinganisha.