Feni za kadi ya grafiki hazizunguki? Cheki joto kwanza

Jamani ukiona feni za kadi ya grafiki zimesimama usikimbilie kununua nyingine, kadi nyingi za siku hizi zinazima feni zenyewe mpaka joto lifike kama nyuzi 50 au 60 hivi, kwaiyo we fungua gemu zito huku unaangalia joto kwenye MSI Afterburner, ile programu ya kuonyesha hali ya kadi. Likipita 70 na bado zimegoma, hapo kuna shida kweli. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, afu sukuma feni taratibu na kidole, ikiwa nzito ni vumbi au beringi imekauka, ikizunguka laini angalia ile plagi ndogo ya feni kama imelegea. Na ukipuliza vumbi shikilia mapanga yasizunguke, tafadhali.