Jinsi ya kusoma matokeo ya uchaguzi na kujua kama serikali itakwama

Usiku wa matokeo macho yote humfuata mshindi. Anayetaka kujua kama nchi itaongozeka miezi sita ijayo aachane kwa muda na shamrashamra na hotuba za ushindi, achukue karatasi, kalamu na kalenda. Serikali hukwama pale kura zinapopungua bungeni wakati tarehe ya kufanya jambo fulani imeshafika. Kura zikipungua bila tarehe inayobana, serikali hujikokota tu, na wananchi wengi huenda wasitambue. Tarehe ikibana na kura hazipo, hapo ndipo gari hunasa.

Anza na viti

Asilimia za kura za nchi nzima ziweke kando. Bungeni anapiga kura aliyekalia kiti. Chukua jumla ya viti, gawanya kwa mbili, kisha panda hadi namba nzima inayofuata. Afrika Kusini ina viti 400, kwa hiyo wingi ni 201. Ufaransa ina 577, wingi ni 289. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina 435, wingi ni 218.

Hiyo ni namba ya vitabuni. Ya kweli huwa tofauti kidogo, maana karibu kila bunge lina watu wasiopiga kura. Angalia Uingereza baada ya uchaguzi wa Juni 2017. Viti ni 650, wingi wa vitabuni ni 326, na chama cha Conservative kilipata 317. Kwa hesabu hiyo kilipungukiwa viti 9. Sasa punguza: wabunge 7 wa chama cha Sinn Féin hawakalii viti vyao, Spika hapigi kura, na naibu spika watatu nao hawapigi. Wanabaki 639, na nusu yake imepita ukifika 320. Mmoja wa naibu spika alitoka Conservative na wawili walitoka Labour, kwa hiyo kura za serikali zilikuwa 316. Ongeza 10 za chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini, unapata 326 dhidi ya 313 za wengine wote. Wingi wa kura 13, kwa chama ambacho asubuhi kilitajwa kuwa hakina wingi. DUP haikuingia serikalini. Ilisaini makubaliano ya kuiunga mkono kwenye bajeti, kura za imani, na sheria za kujitoa Umoja wa Ulaya na za usalama wa taifa, na Ireland ya Kaskazini ikaongezewa pauni bilioni 1.

Ukishapata namba ya kweli, tafuta pengo: viti vya serikali toa viti vinavyohitajika. Hilo pengo ndilo linakuambia ni wabunge wangapi wanatosha kuishika serikali koo. Januari 2023 Republican walikuwa na viti 222 Marekani, na Kevin McCarthy alihitaji 218 ili awe Spika. Angeweza kupoteza kura 4. Kundi la waasi ndani ya chama chake lilifika watu 20, na kura ikarudiwa mara 15 kabla hajapita. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo wanachama wenzake 8 waliungana na Democrats kumwondoa, kura 216 kwa 210. Kwa hiyo usiishie kwenye jina la chama. Uliza kundi dogo kabisa lenye kiongozi na msimamo wake lina watu wangapi. Likizidi pengo, andika kando yake neno "hatari" na ulipigie mstari.

Kizingiti hubadilika kulingana na jambo

Kosa linalorudiwa kila uchaguzi ni kudhani kwamba aliye na wingi ana wingi kwa kila kitu. Chora safu tano: kuunda serikali, kuiangusha, bajeti, sheria za kawaida, na kutengua kura ya turufu ya rais pale ilipo. Jaza kila safu kwa namba yake kutoka katiba na kanuni za bunge.

Marekani mwaka 2025 inaonyesha kwa nini. Chama kimoja kilishika Ikulu, Baraza la Wawakilishi na Seneti, na bado ofisi za serikali kuu zilifungwa kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba, siku 43, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Kwenye Seneti, kufunga mjadala wa miswada mingi kunahitaji kura 60 kati ya 100. Republican walikuwa na 53. Aliyesoma matokeo ya 2024 kwa safu moja aliona chama kimeshika kila kitu. Aliyesoma kwa safu tano aliona upungufu wa kura 7 ukiisubiri bajeti.

Safu ya kuiangusha serikali isome kwa makini zaidi, kwa sababu humo mna mitego. Ufaransa, kwenye hoja ya kutokuwa na imani, zinahesabiwa kura za ndiyo peke yake, na lazima zifike 289. Mbunge aliyejizuia, aliyechelewa au aliyekwenda zake kunywa kahawa, wote wameisaidia serikali. Uchaguzi wa Julai 2024 ulitoa kambi tatu, hakuna iliyofika 289, na Waziri Mkuu Michel Barnier aliteuliwa 5 Septemba akiwa na wachache. Angedumu mradi tu mrengo wa kushoto na mrengo mkali wa kulia, wasioweza kukaa meza moja, wasingepiga kura upande mmoja. Tarehe 4 Desemba walipiga upande mmoja, juu ya bajeti ya hifadhi ya jamii aliyojaribu kuipitisha bila kura. Hoja ilipata kura 331, naye akaondoka.

Ujerumani isingekwenda hivyo. Huko bunge haliwezi kumwondoa kansela bila kumchagua mrithi wake kwa kura hiyohiyo, kama lilivyofanya Oktoba 1982 lilipomtoa Helmut Schmidt na kumweka Helmut Kohl. Wapinzani wasiopatana hawawezi kubomoa. Viti vinaweza kugawanyika vilevile kwenye nchi mbili, na serikali ikaanguka huku, kule ikabaki.

Kauli za baada ya matokeo

Saa 48 za kwanza kila chama husema kitu, na nyingi ya kauli hizo zinalenga wafuasi waliokesha. "Tumesikia sauti ya wananchi" haina uzito wowote, ipite. Tafuta kitenzi. Chama kina ngazi nne mbele yake: kuingia serikalini, kuiunga mkono kutoka nje, kujizuia wakati wa kura, au kupiga kura ya hapana. Kinachosema "hatutaingia serikalini" kimefunga mlango mmoja kati ya minne. Kinachosema "hatutampigia kura" kimefunga miwili na kuacha wa kujizuia wazi. Anayeandika kwamba mazungumzo yamevunjika kwa sababu ya kauli kama hiyo amesikia hasira akasahau kanuni.

Uhispania iliishi hivyo kwa miezi kumi. Uchaguzi wa Desemba 2015 ulikipa chama cha PP viti 123 kati ya 350; serikali haikupatikana, ukarudiwa Juni 2016, PP ikapata 137. Wasoshalisti walishikilia hapana yao. Kanuni ya pale inasema kura ya kwanza ya kumthibitisha waziri mkuu inahitaji 176, lakini ya pili, saa 48 baadaye, inahitaji tu ndiyo zizidi hapana. Kwa hiyo hapakuhitajika msoshalisti hata mmoja wa kusema ndiyo. Walihitajika wa kunyamaza. Mwanzoni mwa Oktoba kiongozi wao Pedro Sánchez, aliyekataa katakata, alijiuzulu. Tarehe 29 Oktoba wabunge 68 walijizuia na Mariano Rajoy, kiongozi wa PP, akapita kwa 170 dhidi ya 111.

Sharti la chama nalo lina daraja. La kitu kinachohesabika, kama kodi, wizara au mradi, ni bei, na penye bei pana biashara. La mtu ("yeyote isipokuwa fulani") ni gumu zaidi, ila huisha siku fulani akibadilishwa. La kanuni au utambulisho, mfano mpaka wa nchi au hadhi ya jimbo, ndilo linaloweza kupitisha mwaka mzima. Angalia pia msemaji ni nani. Kiongozi aliyejiuzulu usiku wa matokeo hawezi kukiahidia chama chake chochote, na mazungumzo hayatasogea mpaka arithiwe.

Kupinga matokeo mahakamani ni jambo jingine, usilichanganye na mkwamo. Uliza tu kama sheria imeweka ukomo. Kenya ina siku 7 za kufungua kesi ya urais na siku 14 za kuiamua: mwaka 2022 matokeo yalitangazwa 15 Agosti, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi 5 Septemba. Malawi, kwa uchaguzi wa Mei 2019, uamuzi wa kufuta matokeo ulikuja 3 Februari 2020, na muda wote huo rais aliendelea kutawala.

Masoko ya fedha yape nafasi ndogo. Sarafu huruka siku ya kwanza na mara nyingi hurudi. Penye habari zaidi ni riba ya hatifungani za serikali ikilinganishwa na ya jirani aliye imara, kwa wiki kadhaa mfululizo.

Kalenda

Andika tarehe za lazima: kikao cha kwanza cha bunge, uchaguzi wa spika, siku ya mwisho ya kupata serikali, bajeti, ukomo wa deni pale ulipo, na lini bunge linaweza kuvunjwa tena. Afrika Kusini bunge lazima likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa, ndiyo maana serikali ya mseto ya 2024 ilipatikana haraka hivyo. Ufaransa haiwezi kuvunja bunge tena kabla ya mwaka kupita tangu uchaguzi, kwa hiyo waliokwama Julai 2024 walijua hawana pa kutokea hadi Julai 2025.

Kisha uliza swali ambalo lina uzito kuliko mengine yote kwenye karatasi yako: bajeti isipopita, inakuwaje? Majibu yako matatu, na ndiyo yanayotenganisha mkwamo wa maneno na mkwamo unaoumiza. Marekani, pesa za idara husika hukatika na watumishi hurudishwa nyumbani. Israeli, bunge lenyewe huvunjika. Ilitokea Desemba 2020, nchi ikaenda kwenye uchaguzi wa nne ndani ya miaka miwili. Ubelgiji, serikali ya mpito huruhusiwa kutumia moja ya kumi na mbili ya bajeti iliyopita kila mwezi, na ndiyo maana nchi ilikaa siku 541 bila serikali kamili, kutoka uchaguzi wa 13 Juni 2010 hadi 6 Desemba 2011, mishahara ikilipwa kama kawaida. Wanasiasa walioona mambo yanakwenda hawakuwa na haraka.

Usihesabu mseto kama chama kimoja

Afrika Kusini mwaka 2024, chama cha ANC kilipata viti 159 na mshirika wake DA 87. Jumla 246, juu kabisa ya 201, na wengi wakafunga daftari. Bajeti ilikuwa isomwe 19 Februari 2025 ikaahirishwa siku hiyohiyo, kwa sababu washirika walikataa kodi ya ongezeko la thamani kupanda kutoka asilimia 15 hadi 17. Ikarudi 12 Machi na nyongeza ya nusu asilimia, na nusu nyingine mwaka unaofuata. Tarehe 2 Aprili mfumo wa mapato na matumizi ulipita kwa 194 dhidi ya 182, DA ikiwa serikalini na ikipiga kura ya hapana. ANC iliokolewa na vyama vidogo vya nje. DA ikaenda mahakamani. Wiki moja kabla ya nyongeza kuanza 1 Mei, ikafutwa, na bajeti ya tatu ikasomwa 21 Mei. Kwa mseto, basi, andika jumla mbili: ya wanaogawana wizara, na ya waliokubaliana kodi. Makubaliano yakiwa kimya kuhusu kodi, jumla ya pili hujaipata bado.

Kosa la upande wa pili ni kudhani mstari wa chama hauvukiki. Kenya baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, vyama kadhaa vilivyochaguliwa chini ya muungano wa Azimio vilihamia Kenya Kwanza, muungano wa rais, na 6 Oktoba Spika akatamka kwamba Kenya Kwanza ndiyo upande wa wengi. Kwenye mfumo wa urais ambamo rais ana vyeo vya kugawa, hesabu ya upinzani ipunguze kabla hujaiamini. Tanzania ina msemo wake wa kuhama huko, "kuunga mkono juhudi", na kila mtu anajua maana yake.

Mwisho karatasi iwe na namba tatu tu juu: pengo la kuunda serikali, pengo la kuiangusha, pengo la bajeti, kila moja na tarehe yake. Irudie mbunge anapofariki, anapohama chama, anapopoteza kiti mahakamani au uchaguzi mdogo unapofanyika. Pengo likiwa la viti 2 au 3, irudie hata mbunge mmoja anapolazwa hospitalini wiki ya bajeti.