Bata anayetaga sana hatamii

Wafugaji wa huku Unguja huniletea malalamiko mawili. Mmoja atasema bata wake katoa mayai kumi na tano kisha kanyamaza. Mwengine wake anataga kila siku, lakini mayai anayaacha matopeni kama si yake. Mara nyingi bata wote wawili ni wazima. Ndivyo mbegu zao zilivyo.

Wa kwanza ni yule bata wetu wa uwani, mwenye vinundu vyekundu usoni, asiyepiga kelele. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Hutaga mayai 8 hadi 15, akayalalia siku 35, na kwa mwaka hurudia mara tatu au nne. Ukiyaokota kila asubuhi ukamwachia mawili, hukawia kutamia na huendelea kutaga.

Wa pili ni Khaki Campbell, aliyezalishwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Akilishwa vyema hupita mayai 250 kwa mwaka, ila kutamia hana habari nako. Indian Runner, anayetembea wima kama chupa, naye ni hodari. Kwao Indonesia huchungwa kwenye mipunga akila konokono na wadudu. Kwa wenye mashamba ya mpunga Cheju ni bata wa kufikiria, mradi mpunga uwe umeshika mizizi na atolewe kabla ya masuke. Pekin mweupe hutaga wastani, lakini hasa ni wa nyama.

Basi waunganishe: mayai ya Campbell mpe bata wa uwani ayatamie. Usiyachanganye na yake! Ya Campbell huanguliwa siku ya 28, mama akishaona vifaranga huondoka, na yake yaliyobakiza wiki moja yanaharibika. Dume la uwani nalo litenge na majike ya mbegu nyengine, maana vifaranga wao hukua vizuri lakini hawazai.

Bata wengi hutaga alfajiri. Wafungie bandani mpaka saa tatu, la sivyo kifungua kinywa ni cha kunguru, na kunguru wa hapa mnawajua. Kiota kiwe chini sakafuni, kwani bata wengi hawapandi kama kuku, na ndani mwake weka nyasi kavu au maganda ya mpunga, ubadilishe yakilowa.

Chakula ndipo hasara kubwa ilipo. Masika mahindi hushika ukungu, watu wakaona "hayo wape bata". Bata huuliwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, upesi kuliko kuku, na vifaranga ndio wa mwanzo kufa. Yatupeni. Maganda ya chaza yaliyopondwa wapeni majike wanaotaga bila kuyapima, gumba la yai litakuwa gumu. Dagaa ndiyo wa kupima: wakizidi, yai linanuka shombo, na mteja wa keki harudi tena.