Kabla hujalipia tangi la matumbawe la mtumba
Ukipata tangi la mtumba hapa Dodoma na unataka kufuga matumbawe, usianze na bei. Muulize muuzaji kama samaki wake waliwahi kutibiwa kwa dawa yenye shaba. Shaba hujificha kwenye mawe, na huenda hata kwenye silikoni ya maungio, kisha hurudi majini kidogo kidogo. Samaki wanaweza kuvumilia; matumbawe na kamba hufa. Akisitasita kujibu, achana nalo, hata likiwa la bei ya kutupa.

Lijaze maji kwa siku mbili, mahali pa usawa, uone kama linavuja. Pampu ziloweke kwenye siki, chokaa itoke. Mashine ya kuchuja maji kabla hayajaingia tangini ibadilishe utando, ile ngozi nyembamba inayozuia chumvi: visima vyetu vina chumvichumvi nyingi, na si chumvi ya bahari.